Mtani Haombi Ruhusa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, hapa Bariadi. Kila mwaka nikifika kwenye ngano naandika ubaoni maneno yaleyale: mhusika mjanja ni mdogo wa umbo, mwepesi wa akili, huwashinda wenye nguvu kwa hila, huwakilisha wanyonge. Wanafunzi wananakili, mtihani unakuja, wananirudishia maneno yangu kama walivyoyapokea, nawapa maksi, na sote tunaachana tukiamini kwamba tunamjua Sungura.

Baba yangu haamini. Yeye ni mkulima wa pamba na mfugaji, kijijini Zagayu. Siku moja alinikuta nikiandaa somo hilo kwa sauti, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mnyonge ni nani hapo?"

"Sungura, baba."

"Anakula karanga za bibi kizee, anamsingizia Fisi, Fisi anapigwa, yeye anakwenda kulala. Huyo ndiye mnyonge? Ningekuwa na jirani mnyonge wa namna hiyo ningehama."

Nilimwambia fasihi ina nadharia zake. Akasema hata mgonjwa ana homa zake. Ndivyo mazungumzo na baba yanavyokwisha: hujashindwa, ila huna la kuongeza.

Kusema kweli hata lugha yenyewe haijaamua. Mwambie mama, "Mtoto wako huyu mjanja!" atatabasamu mpaka jioni. Sema maneno hayohayo juu ya fundi cherehani uliyempa kitambaa chako cha sikukuu, na kila aliyekuwa na kitambaa kwake atainuka kwenda kukidai. Tunasema janja ya nyani tukidharau, tunasema mjanja wa mjini tukidharau na kutamani kwa pamoja. Nimefundisha miaka mingi, nimesahihisha insha nyingi kuliko nywele za kichwani mwangu, na kwa muda wote huo sikumwona mjanja mwenyewe alipokuwa amekaa mbele yangu. Hakuwa na masikio marefu. Alikuwa na duka la kanga na vitenge karibu na stendi ya zamani, na alikuwa Mzaramo.

Kwa asiyejua, na siku hizi wasiojua ni wengi, hasa waliokulia Dar ndani ya nyumba za geti: Msukuma na Mzaramo ni watani. Wazee wanasema utani huo ulianza tangu enzi za misafara, watu wetu walipokuwa wakibeba mizigo hadi pwani. Nani alimfanyia nani nini huko njiani, kila upande una habari zake, na zote ni za kumwaibisha mwenzake. Kilichobaki ni haki. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huwezi kununa. Anaweza kuingia kwako akachukua alichokipenda, na huwezi kumwita mwizi. Na ukifa, ni yeye anayekuja kuvuruga msiba wako.

Baba na Mzaramo wake walianza utani kabla sijazaliwa na hawakupumzika. Baba akija mjini siku ya mnada, baada ya kuona ng'ombe wanauzwaje, alikuwa anakwenda kukaa kwenye benchi la dukani. Kabla hajakaa vizuri:

"Msukuma! Leo umekuja na ng'ombe wangapi, au wazee umewaacha nyumbani?"

"Nimekuja kuangalia kama unapumua. Nasikia mtu wa pwani akikosa nazi hafiki magharibi."

"Nazi ningeipata wapi kwenye nchi ya michembe? Nyinyi mnaanika viazi mpaka vinakuwa mbao, halafu mnavitafuna mnasema chakula."

"Ndiyo maana tuna meno. Wewe fungua mdomo tuhesabu."

Wateja walikuwa wakisimama kusikiliza. Akina mama waliotoka vijijini na hela za pamba, ambao wangeweza kununua kitenge kwa yeyote, walinunua pale kwa sababu ya benchi. Mzaramo alijua hilo. Baba alijua kwamba anajua, na ndiyo maana akiondoka aliondoka na kitu: leo kofia, kesho sabuni, siku nyingine mwavuli wa mteja aliyesahau, jambo lililoleta kesi ndogo. Naye Mzaramo alikuwa akija Zagayu kama Ijumaa nne hivi kwa mwaka, anasalimia, anakula, anasifia ugali, na wakati wa kuaga tunamwona anashuka njia na jogoo kwapani. Mama alikuwa akinuna wiki nzima. Utani ulikuwa wa baba lakini jogoo walikuwa wa mama.

Mimi Mzaramo alikuwa akiniita mchumba tangu nikiwa na meno ya utotoni. Mke wake, mama mmoja mwembamba, mkali wa macho, aliyekuwa anashona ushungi kwenye kona ya duka, alikuwa akiniita mke mwenzangu. Nikipita kutoka shule alikuwa anasema, "Mke mwenzangu, njoo umchukue mumeo, leo simtaki, amekula sukari yote." Nilikuwa nakimbia kwa aibu. Nilipokuwa mkubwa nikaacha kukimbia, nikawa namjibu, "Mvumilie, mimi bado nasoma." Hata nilipopata watoto wangu aliendelea kuniita hivyo, na nilikuwa napenda kuliko nilivyoonyesha.

Pale benchini ndipo nilipozisikia ngano nyingi ninazofundisha, ingawa sizifundishi kama nilivyozisikia. Kulikuwa na moja waliyoigombania zaidi. Sungura alimwona Fisi ana mbuzi mnono. Akamwonyesha wingu jeupe juu ya Zagayu, akamwambia, "Unaiona ile pamba yangu? Nimeianika. Nimechoka kuilinda. Nipe mbuzi, nikuuzie yote." Fisi akatoa mbuzi. Akakaa chini ya wingu kulilinda. Upepo ukavuma, wingu likaanza kusogea, Fisi akalifuata: akapita mashamba, akapita mito, akakimbia mchana kutwa na ulimi nje, mpaka akafika Lamadi, ziwani. Wingu likavuka ziwa. Fisi akabaki ufukweni anawapigia kelele wavuvi wamrudishie pamba yake.

Mzaramo akiisimulia, Fisi alikuwa anaongea kwa lafudhi ya Kisukuma na alikuwa na baiskeli. Baba akiisimulia, Fisi alivaa kanzu, na kabla ya kununua wingu alilipima kwa yadi. Walikuwa wakiisimulia kwa zamu, siku hiyohiyo, mmoja baada ya mwingine, na watu walicheka mara zote mbili. Mimi nilichoondoka nacho ni kwamba Sungura hana kabila. Sungura ni yule mwenye zamu ya kusimulia. Hilo sijaliandika ubaoni, kwa kuwa halimo kwenye mtaala.

Mzaramo alifariki mwaka juzi, wakati wa kuvuna pamba. Alikwenda Lamadi kuonana na mtu wa sangara waliokaushwa, maana uzeeni alikuwa ameona kanga hazitoshi, na akafa pale akiwa amekaa kwenye banda la mama ntilie, ameshaagiza, chakula hakijaja. Walimrudisha jioni hiyo kwa gari la Noah. Baba alipopigiwa simu Zagayu alisikiliza, akauliza, "Alikuwa ameagiza nini?" Wakamwambia sato na ugali. Akasema, "Basi mama ntilie amepona, huyo huwa harudishi sahani," akakata simu. Mama anasema alibaki ameishika simu ile mkononi muda mrefu, kama mtu aliyeokota kitu asichokijua.

Asubuhi nilikwenda msibani mapema. Nyumba iko nyuma ya duka, na akina mama walikuwa wamejaa chumbani, chini kwenye mikeka. Mjane alikuwa ameegemea ukuta, amefunikwa kanga mpaka kwenye paji la uso. Hakuwa analia. Nilidhani amelia usiku akaishiwa, lakini dada yake alinivuta pembeni akaniambia hapana: tangu mwili ulipofika hajatoa chozi, hajala, hajanywa hata maji, hajasema neno. Wamemsemesha, wamemwombea dua, wamemletea wajukuu, yeye anaangalia pazia la mlangoni tu. Akina mama walikuwa na hofu. Mmoja alishaona mjane wa namna hiyo Maswa, pale Nyalikungu. Alikaa kimya vivyo hivyo, na hakumaliza eda yake.

Nilikaa karibu naye. Sikujua la kusema, na mwalimu asiyejua la kusema huwa anarekebisha kitu. Nikamrekebishia kanga begani. Ndipo akageuka.

"Mke mwenzangu," akasema, kwa sauti ndogo sana. "Aliniaga. Sikuitika."

Nikamwinamia.

"Nilikuwa nimenuna. Nilimwambia asiende, kifua kinambana. Akavaa, akasimama pale kwenye pazia, akasema mama watoto natoka. Nikanyamaza. Akasema tena. Nikanyamaza. Akaenda."

Akarudisha macho kwenye pazia.

Sijui kama kuna lugha duniani ambamo jambo hilo ni dogo. Kwetu si dogo. Mtu akisema natoka, unaitika, hata kama mlikuwa mnagombana, hata kama anakwenda chooni. Neno la mwenye safari likikosa wa kulipokea linabaki linaning'inia mlangoni. Nilitaka kumwambia kwamba mumewe alijua kuwa anapendwa, lakini niliona ni maneno ya kutumiana kwenye simu, nikayameza. Nikatoka nje kwa kisingizio cha kwenda kusaidia jikoni. Kwa kweli nilikwenda kulia nyuma ya tenki la maji.

Nilipofuta uso nikasikia kelele uani. Baba alikuwa amefika.

Alikuja na pikipiki ya kukodi, na jambo la kwanza alilofanya, kabla hajamsalimia mtu, ni kumfungua mbuzi aliyefungwa kwa ajili ya chakula cha msiba na kuanza kumvuta kuelekea barabarani. Mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekulia Dar kwa ndugu na anayefanya kazi ofisini hukohuko, aliyekuwa amefika alfajiri na macho mekundu, akamzuia getini.

"Mzee, samahani. Huyo mbuzi ni wa msiba."

"Msiba wa nani?" baba akauliza.

"Wa baba."

"Nani kakwambia kafa? Mzaramo hafi. Mzaramo anasinzia, akisikia ngoma anaamka. Nyinyi mmewahi mno kupika, mtaaibika akiamka anataka nyama yake."

Wazee wa Kisukuma waliokaa kwenye turubai wakaanza kucheka. Wazee wa dini nao wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Yule kijana hakucheka. Nilimwonea huruma, kwa kuwa alikuwa amefiwa kwelikweli, na mtu mzima asiyemjua alikuwa anamtukania baba yake. Akasema, kwa upole wa watu wa ofisini, kwamba anaheshimu mila za watu lakini kuna mipaka. Baba akasema mipaka anaijua, iko Namanga na Tunduma, hapa ni Bariadi. Kijana akageuka, akamwona mgambo anapita barabarani, akamwita.

Mgambo akaja na rungu lake na uso wa kazi. "Kuna nini?"

"Mzee huyu anaondoka na mbuzi wa msiba."

Mgambo akamtazama baba, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka."

"Marehemu ni kabila gani?"

"Mzaramo," akajibiwa.

Mgambo akaweka rungu chini polepole, akavua kofia, akamshika mbuzi miguu ya nyuma. "Mzee, wewe vuta huko mbele, mimi nasukuma. Mzaramo mmoja alinilia vibanzi vyangu vyote mafunzoni."

Hapo hata baadhi ya akina mama wa jikoni walilazimika kushika masufuria. Shehe, mzee wa Kigoma aliyeishi hapa tangu ujana wake, akamwita kijana akae naye, akamweleza kwa sauti ya chini. Kijana alisikiliza, lakini nilimwona anatikisa kichwa. Nilimsikia anasema, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha, shehe." Shehe akamjibu kwamba ndiyo, na kuna usaha ambao usipotumbuka unaua. Mbuzi akarudishwa, baada ya baba kupewa soda mbili, moja yake na moja ya mbuzi.

Nilimfuata baba alipokaa pembeni kunywa soda ya mbuzi. Kwa karibu niliona macho yake, nikaogopa.

"Baba, pumzika. Umeshafanya."

"Mtani halii, mwanangu. Akilia, kazi itafanywa na nani?" Akanywa. "Mke wake anasemaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kama nilivyoambiwa, pazia, na mama watoto natoka, na mara mbili. Sikuwa na mpango wowote. Nilimwambia kwa sababu ni baba yangu na nilikuwa nimelemewa. Aliweka chupa chini, akatazama mlango wa nyumba, halafu akaniuliza swali lisilo na kichwa wala miguu: viatu vya marehemu viko wapi.

"Viko mlangoni, vilirudi naye. Kwa nini?"

"Rudi ndani ukakae naye," akasema. "Karibu."

Adhuhuri ikasaliwa. Maiti ilishaoshwa na kukafiniwa, jeneza likawa uani, limefunikwa. Ndani tulisikia shehe anawaambia wanaume wajiandae kubeba. Huo ndio wakati ambao akina mama huangua kilio, na waliangua, chumba kizima, isipokuwa yule mmoja. Alikuwa amekaa wima sasa, mikono juu ya magoti, anaangalia pazia. Kwa kuwa wanawake hawafuati makaburini, alichokuwa nacho ni dakika hizo tu. Dada yake akamwambia muage mumeo, mama, muage. Hakuitika.

Ndipo tukasikia makubazi.

Marehemu alikuwa na mguu wa kushoto uliowahi kuvunjika, na alitembea kwa namna yake: kulia kunagonga, kushoto kunaburuta. Watu wa mtaa huu tumeisikia sauti hiyo asubuhi na jioni miaka yote. Sasa tuliisikia inakuja uani, inapanda ngazi moja ya mlangoni. Kikafuata kikohozi chake, kile kikavu cha mtu wa vumbi la vitambaa, kinachoanza juu na kuishia puani. Kilio chumbani kikakatika. Chini ya pazia tuliona ncha za makubazi ya ngozi, yale yale.

"Mama watoto," sauti ikasema. "Natoka mie."

Ilikuwa sauti yake. Baba yangu, ambaye Kiswahili chake kina ng'ombe katika kila sentensi, alikuwa anaongea kwa kuvuta maneno kama aliyezaliwa Mzizima. Nilijua ni yeye na bado nywele zilinisimama. Mama mmoja akanong'ona astaghfirullah. Nje nikamsikia yule kijana, "Hapana, hilo sasa hapana," halafu mtu, nadhani shehe, anamwambia, "Tulia. Mimi sijaona kitu, na wewe hujaona."

Mjane hakutikisika.

Nataka niseme nilichokihisi, kwa sababu baadaye watu walisifia, na sifa husahaulisha. Nilihisi hofu na hasira. Nilimpa baba siri ya mwanamke aliyeumia, naye ameivaa miguuni. Mama huyu akiishia kupiga kelele, au akizimia, au akiendelea kukaa hivi hivi na kuangalia, tutakuwa tumemfanyia ukatili ambao hakuna mila itakayoufuta. Ubaoni nimeandika mara nyingi kwamba mjanja hutumia hila. Sikuwahi kuandika kwamba hila ni kitu kinachoweza kukosea mtu akafa.

"Mama watoto," sauti ikarudia, sasa taratibu. "Usinune. Natoka."

Kanga ikasogea. Mjane akameza mate, na mdomo wake, uliokuwa umekauka, ukafunguka.

"Umebeba dawa?"

Baba hakuwa amejiandaa kwa swali. Niliona makubazi yakisogea kidogo.

"Nimebeba," akasema.

"Muongo!"

Neno lilitoka kwa nguvu mpaka mama aliyekuwa karibu yangu akaruka. "Muongo mkubwa wewe! Dawa zako hizi hapa chini ya mto, nazilalia mimi. Toka uliponiposa wewe ni muongo. Ulimwambia baba yangu una nyumba ya bati, nakuja nakuta makuti! Ukasema Bariadi ni karibu, siku mbili tu, na tukasafiri mpaka nikasahau jina la mama yangu. Sukari umekatazwa, unailamba kwenye kifuniko unadhani sikuoni. Kifua kinakubana, unakwenda Lamadi kufuata samaki. Samaki! Ungeniambia tu unataka samaki, ningekupikia, mume wangu. Ningekupikia."

Akina mama walikuwa wanacheka na kulia kwa wakati mmoja, wameshikana. Hata dada yake. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kanga. Mjane aliendelea, alimgombeza kuhusu paa, kuhusu shangazi fulani wa harusini, kuhusu kofia zinazopotea dukani kila mnada na yeye anasema panya. Kila alipotua, kikohozi kile kilijibu, kwa unyenyekevu kabisa, kikohozi cha mume aliyekosa. Mpaka akaishiwa pumzi.

Akakaa. Akajifuta uso kwa kiganja, akakitazama kiganja kwa kuwa kilikuwa kimelowa.

"Haya," akasema. "Nimekusikia, baba watoto. Nenda. Mungu akutangulie."

Halafu akalia. Alilia kama watu wanavyotakiwa kulia, kwa tumbo, na tulimwacha alie, na dada yake alipomletea maji aliyanywa yote.

Nilinyanyuka nikasogeza pazia. Baba alikuwa amesimama kwenye ngazi na kofia ya marehemu kichwani. Yeye ni mrefu, makubazi yalikuwa madogo kwake, visigino vyake vilivyopasuka vilikuwa vimetoka nyuma vinakanyaga saruji. Zamu ya kujibu ilikuwa yake. Nimemsikia miaka yote akimjibu Mzaramo kabla hajamaliza sentensi, na sasa alikuwa amefungua mdomo na haukutoa kitu. Yule kijana wa Dar akaja mpaka pale alipo, wakatazamana. Nilidhani atamvua kofia. Aliiweka sawa, ilikuwa imeinama upande, akaenda kushika pembe ya mbele ya jeneza.

Shehe akatoa takbiri, wanaume wakanyanyua, na msafara ukatoka getini. Nilisimama na akina mama pale mwisho wa ua. Wabebaji walikuwa wanapokezana haraka, kama ilivyo desturi, na baba alikuwa nyuma ya jeneza, karibu kabisa. Onyesho lilikuwa limekwisha, hapakuwa na wa kumwigizia. Lakini alikuwa bado anaburuta mguu wa kushoto. Alipita duka lililofungwa, akapita stendi, kulia kunagonga, kushoto kunaburuta, mpaka walipokata kona ya kwenda makaburini, na kati ya watu wote wale wanaopenda utani, hakuna aliyemwambia aache.